Boule de Suif: nani mnafiki kuliko wote ndani ya lile gari?

Mwalimu Kidato
Wadau, naomba tulijadili hili. Hadithi ni "Boule de Suif" ya Guy de Maupassant, iliyotoka 1880, kuhusu vita vya Ufaransa na Prusia, dola ya Wajerumani, vya 1870. Mji wa Rouen, Ufaransa, umeshatekwa na Waprusia. Abiria kumi wanaondoka kwa gari la farasi kuelekea Le Havre: kabaila na mkewe, mwenye viwanda vya pamba na mkewe, muuza mvinyo wa jumla na mkewe, masista wawili, mwanasiasa wa jamhuri aitwaye Cornudet, na kahaba Elisabeth Rousset, ndiye Boule de Suif. Njaa inawashika njiani, yeye peke yake ana kikapu, anawalisha wote. Huko Tôtes, mji mdogo njiani, ofisa wa Kiprusia anazuia gari mpaka dada huyo alale naye. Anakataa. Wenzake wanamsakama mpaka anakubali, kisha safari ikiendelea wanamgeuzia kisogo na kula vyao bila kumpa hata tonge.

Mimi nasema kabaila ndiye mnafiki mkubwa. Amelelewa kwa heshima, jina lake lote limejengwa juu ya heshima, na ndiye aliyemshika mkono matembezini akimwita mwanangu ili amlainishe. Nyie mnasemaje?

Kisu Kikali
Kabaila wa nini, Mwalimu? Mbaya ni yule sista mzee. Rozari mkononi, halafu anatoa hoja kwamba tendo baya huwa jema kama nia ni safi. Watu wa dini wako hivyo siku zote, wenye mali wakitaka kitu wanawatafutia aya.

Mama Parokia
Kisu, "watu wa dini wako hivyo siku zote" ni nani hao? Mimi nimelelewa na masista na siwezi kunyamaza. Soma hadithi vizuri. Sista hakumtaja ofisa, hakutaja kitanda. Mke wa kabaila ndiye aliyemchokonoa kwa maswali ya imani mezani, naye akajibu kama alivyofundishwa. Maupassant mwenyewe ameacha wazi kama alikuwa ameelewana nao au ni ujinga wake tu. Wewe umeshahukumu.

Kisu Kikali
Mama, alisema hata baba na mama yake angewaua kama amri ingetoka juu! Kisha akaeleza kwamba huko Le Havre wanasubiriwa kuwauguza mamia ya askari wenye ndui, na kila siku wanayokaa pale huenda Wafaransa wanakufa. Umwambie hivyo mwanamke anayeipenda nchi yake, halafu useme hukumsukuma?

Mama Parokia
Na hao wagonjwa walikuwepo kweli au hawakuwepo? Walikuwepo. Mtu anayekwenda kuuguza ndui, uso wake mwenyewe umejaa makovu ya ndui, wewe unamweka fungu moja na muuza mvinyo mlaghai. Si haki.

Bahari Kuu
Mnagombana juu ya sista wakati jambo lenyewe ni dogo. Tuseme ukweli. Huyo dada kazi yake ilikuwa hiyo, alilala na wanaume wa kila aina kwa pesa. Abiria tisa wakwame kwa sababu amemchagua wa kumkataa? Mimi nawaelewa.

Binti Mwanakwetu
Ndugu Bahari, hayo uliyoandika ni maneno ya mke wa Loiseau, muuza mvinyo. Alisema vilevile: kazi yake ni hiyo na wanaume wote, basi hana haki ya kumkataa huyu. Maupassant alimpa maneno hayo mtu mchafu kuliko wote ndani ya gari, na wewe leo unayaleta hapa kama hekima.

Anayeuza samaki halazimiki kumuuzia aliyechoma nyumba yake. Huyu mwanamke aliondoka Rouen kwa sababu alimrukia askari wa Kiprusia aliyeletwa kulala kwake, akamkaba koo. Hao waheshimiwa je? Walipata kibali cha kusafiri kupitia maofisa wa Kijerumani waliokwisha zoeana nao! Nani mzalendo hapo?

Bahari Kuu
Usiniite mchafu dada. Nimetoa maoni.

Binti Mwanakwetu
Nimemwita mke wa Loiseau mchafu. Wewe umejiweka mwenyewe karibu naye.

Mzee wa Kahawa
Wanangu, taratibu. Mimi kilichonichoma ni chakula. Kile kikapu kilikuwa cha safari ya siku tatu: kuku wawili wazima waliokatwakatwa, vitu vitamu kibao, chupa nne za mvinyo. Kikaisha siku moja kwa sababu yao. Halafu mwishoni, dada alitoka kwa haraka hakuwahi kuandaa kitu, wao wanafungua vyao. Jibini ya kina kabaila imefungwa kwenye gazeti mpaka herufi zimejichapa juu yake. Masista soseji ya kitunguu saumu. Cornudet mayai ya kuchemsha, kiini kinamdondokea ndevuni. Hata Cornudet! Mtu wa watu!

Kisu Kikali
Mzee umesema. Masista nao walikula soseji. Mama Parokia umeliona hilo?

Mama Parokia
Nimeliona na linaniuma. Lakini sitakubali dini yangu yote itukanwe kwa ajili ya soseji.

Mwalimu Kidato
Jamani, swali langu lilikuwa kabaila.

Mtetezi wa Cornudet
Mwalimu, Cornudet ndiye pekee aliyesimama usiku ule dada alipokwenda kwa ofisa, wenzake wanasherehekea kwa shampeni, akawaambia wametenda unyama. Mnamsahau.

Binti Mwanakwetu
Aliwaambia baada ya mambo kwisha. Na usiku wa kwanza pale hotelini alimtaka yeye mwenyewe! Dada akamkatalia kwa sababu Waprusia wamo nyumba hiyohiyo. Kahaba alimfundisha mwanasiasa kuipenda nchi. Na siku ya kuondoka, kwenye gari, anapiga mbinja Marseillaise, wimbo wa uzalendo wa Ufaransa, huku mwenzake analia kwa njaa na aibu. Simpi sifa yoyote.

Nawe Bahari hujanijibu. Ofisa angemtaka mke wa mwenye viwanda vya pamba, ungesema abiria tisa wasikwame?

Bahari Kuu
Yule ni mke wa mtu. Na hata hivyo hadithi inaonyesha yeye alimwona ofisa ni kijana mzuri, kama angekuwa mahali pa dada yule asingemkataa sana.

Binti Mwanakwetu
Ndiyo! Amemtamani moyoni na bado anaitwa mke mwema, anapewa kiti cha heshima. Aliyekataa kwa siku kadhaa ndiye anaitwa malaya. Sasa niambie, ungemsukuma yule mke wa mtu au usingemsukuma?

Bahari Kuu
Nisingemsukuma. Lakini gari lingebaki Tôtes, na askari wa ndui wangebaki bila muuguzi. Hilo nalo mlijibu.

Kisu Kikali
Loiseau aliomba dada aachwe peke yake, wengine waende, ofisa ndiye aliyekataa. Wasingengoja hata dakika kama wangeruhusiwa. Hao wagonjwa wa ndui walikumbukwa pale walipohitaji hoja tu.

Mama Parokia
Walikumbukwa na Loiseau hivyo. Na sista je, una hakika?