Kisu kidogo cha dola 15 kwa fundi wa chukudu: ninunue au niache?

Fundi_Majengo (Goma)

Jambo wakubwa kwa wadogo. Mimi natengeneza chukudu, zile baiskeli za mti za kusukuma mizigo, hapa Majengo. Kisu kwangu kina kazi kubwa moja, kukata mipira ya tairi kuukuu tunayovisha magurudumu ya mti. Halafu kuna vidogovidogo: kamba, kabari, kipande cha ndala cha kuwekea goti, hata nyanya saa ya kula.

Miaka yote nimetumia kisu cha mhunzi, kimefuliwa kutoka springi ya gari. Kinanoleka, sikatai, ila mgongo wake ni milimita tano. Kikiingia kwenye mpira kinabanwa, unakivuta mpaka jasho. Mwaka jana nikajaribu kingine cha kung'aa, nilikinunua Birere dola nne, kimeandikwa "inox", yaani kisichoshika kutu. Wiki ya pili ncha ilikuwa imepinda kama kucha ya kuku, na kila gurudumu moja likiisha, makali nayo yameisha.

Sasa jirani yangu aliyerudi safari anauza chake. Mpini ni wa plastiki nyekundu, ala ya plastiki, ubapani imechapwa Morakniv, Sweden. Ubapa ni kama sentimita kumi, unene milimita mbili na nusu. Anataka dola 15. Kinachonitia mashaka: ni chepesi mno, ukikishika unadhani cha mtoto. Tena chuma hakitokezi nyuma ya mpini. Changu cha mhunzi mkia umepita mpini wote na kukunjwa kwa nyuma. Hiki kitanivumilia? Chukudu zinazoshuka na kabichi kutoka Kibumba zinaharibika kila siku, kisu hakipumziki.

Mchonga_Miiko (Bukavu)

Yaya, kama ubapa haujanolewa ukabaki kidole, mpe pesa kabla hajabadili nia.

Wepesi usikutishe. Kinachokata mpira ni wembamba. Kiangalie kwa mbele: makali yanaanza katikati ya ubapa, yanateremka moja kwa moja mpaka ukingoni, hakuna mteremko mwingine mdogo pale mwisho. Ukinoa unalaza huo mteremko wote kwenye kinoo, hata kijana wa jana anaweza. Mora ni mji wa Sweden, na kiwanda hicho kilianza 1891. Bei yake hata huko kwao ni ya mfanyakazi, si ya tajiri.

Mkia ni kweli haufiki mwisho wa mpini. Kwa kukata haina neno. Ila usikipige nyundo mgongoni kupasua mti, wala usikitumie kubandua tairi kwenye rimu. Mafundi wengi hapo ndipo wanapovunja visu, halafu wanamlaumu aliyevitengeneza.

Je, ni cha kutu au kisicho cha kutu? Wanatoa vya aina mbili.

Mama_Kituku (Goma)

Mwanangu, mimi napara samaki hapa Kituku. Niko na kile kinachoshika kutu, zawadi ya shemeji. Kinakata kuliko vyote nilivyoshika, lakini ukikilaza na maji usiku mmoja, asubuhi kina madoa ya rangi ya chai. Sasa kimegeuka kijivu chote na sijali tena. Nakifuta, nakipaka mafuta ya mawese, basi. Wewe unayeacha vitu mvuani, chukua kisichoshika kutu.

Papa_Tupa (Goma)

Nimefua chuma tangu ujana, kwa hiyo nitamtetea mhunzi kidogo. Springi si chuma kibaya. Ina kaboni zaidi ya nusu ya asilimia moja, na ikipashwa mpaka nyekundu, ikazimwa kwenye mafuta, ikarudishwa motoni taratibu, inashika makali. Hizo milimita tano ni za mteja. Watu wa Goma wanapima kisu kwa uzito kama viazi! Mwambie akipunguze mgongo, na akisaga akizamishe majini kila mara. Ubapa ukigeuka buluu, ugumu umeondoka.

Hicho cha dola 15 kipime kwanza. Sumaku ya spika iliyokufa: isiposhika, hicho ni chuma cha kijiko, hakizimiki kikawa kigumu, rudisha. Ikishika bado hujajua kitu, maana chuma laini pia kinashika. Hapo sasa lete tupa, iguse mgongo karibu na mpini, usiguse makali. Ikila kwa urahisi, chuma ni laini. Ikiteleza au ikikwaruza kwa shida, kimezimwa sawasawa.

Na mpira unakatwa na maji ya sabuni, mdogo wangu. Hakuna aliyekwambia?

Fundi_Majengo (Goma)

Aksanti wote. Hakuna aliyeniambia, mukubwa. Miaka tisa nakata mpira mkavu.

Jirani alikunja uso alipoona tupa, akakubali. Sumaku ilishika vyote viwili, cha Mora na kile cha Birere. Tupa ndiyo iliyosema: cha Birere ilikila kama inakwaruza sufuria, cha Mora ilipita juu ikilia, ikaacha mstari mwembamba tu. Ni kisichoshika kutu. Nimekichukua kwa 13.

Mkanda wa kwanza niliukata kwa maji ya sabuni, mvuto mmoja mrefu, ukingo ukatoka laini kama umekatwa na mashine. Kijana wangu akacheka peke yake. Magurudumu manne ndipo nilipohisi kinaanza kusugua badala ya kukata, nikakipitisha kwenye kinoo mara chache, kikarudi. Kinoo cha dukani, jamani. Nilijaribu jiwe letu hili la volkano ya Nyiragongo, lile lililoshuka 2002, nikaona lina vishimo kama mkate, linang'ata makali tu.

Siku ya tano kikateleza na kuangukia mawe hayohayo. Ncha imekatika kiasi cha punje ya mchele. Kosa langu, nilikiweka juu ya benchi bila ala. Nimeisaga, haionekani sana.

Mchonga_Miiko (Bukavu)

Jioni kiache kwenye sanduku la vifaa. Usitembee nacho kiunoni kupita barabarani, utawaeleza polisi habari za chukudu mpaka usiku.

Fundi_Majengo (Goma)

Kinalala kazini. Papa_Tupa, kile kizito nimempelekea mhunzi akipunguze mgongo. Ameniuliza ni nani aliyenifundisha kusema hivyo. Amekubali, lakini anataka dola mbili.