Vipandikizi vya fyusha vinaniozea, na mashindano ni mwezi wa nane

Bi Mwana, Tudor
Assalaam aleikum. Wifi yangu wa Limuru kaniletea vipandikizi kumi na viwili vya fyusha, kavifunga kwa gazeti lililoloweshwa, vikaja na basi la usiku. Ni yale maua yanayoning'inia kama vipuli, nje mekundu, ndani sketi ya zambarau. Kikundi chetu cha akina mama kina mashindano ya maua ya chungu mwezi wa nane. Mwaka jana nilishindwa na asumini. Asumini, ambayo Mombasa hii kila nyumba inayo! Safari hii nataka wakodoe macho.

Nilivipanda kwenye mchanga na samadi, nikavifunika na chupa za maji nilizozikata vitako, nikaviweka barazani. Siku ya tano vikaanza kupiga weusi kutoka chini. Nikivuta, shina linatoka laini kama ndizi iliyolala, na harufu ni ile ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye gilasi. Vimebaki vitatu. Nakosea wapi?

Kijana wa Likoni
Mamangu, hayo ni maua ya baridi. Panda bogenvilia upumzike.

Mzee Bustani, Mikindani
Mwache mamako, kijana. Nilitunza bustani Tigoni miaka kumi na moja, kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akipeleka fyusha maonyeshoni.

Samadi ya nini, na kipandikizi hakina mizizi ya kulia? Inaozesha tu. Chukua makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yaoshe maji matatu maana yana chumvi, uchanganye na mchanga wa mto, si wa pwani. Na kama unamwagilia maji ya kisima, acha, kinga ya mvua. Chupa nazo, barazani jua la alasiri likizipiga huwa tanuri. Fungua vifuniko, uziweke penye mwangaza lakini jua halifiki. Kata ncha changa isiyo na tumba, urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo, utoe majani ya chini. Tigoni mizizi ilikuwa ikitoka kwa wiki tatu hivi.

Mche ukifikisha jozi tatu za majani, bana ncha kwa kucha. Vitawi vitakavyochipuka vikifika jozi mbili, bana tena. Geuza chungu robo kila baada ya siku mbili, la sivyo mti unalalia upande wa mwanga. Bibi alikuwa akiacha kubana wiki nane kabla ya maonyesho kwa maua ya sketi moja, na wiki kumi kwa yenye sketi nyingi. Mwaka mmoja alizidisha, tukapeleka majani matupu, njia nzima ya kurudi hakusema neno. Asubuhi ya maonyesho alipangusa chungu kwa kitambaa, akatoa kila tunda na kila ua lililochoka, moja moja, na gari linanguruma langoni.

Ila nikwambie kweli: joto likipita nyuzi 27 fyusha inasusa, na usiku wa Mombasa hata Julai hauteremki sana chini ya 20. Kusi itakusaidia. Kaskazi ikirudi, jihesabie msiba. Mwombe wifiyo zile za maua membamba marefu kama tarumbeta, zinavumilia joto kuliko hizo za sketi. Bibi akisema fyusha ya kwanza kuandikwa vitabuni, mwaka 1703, ilitoka kisiwa cha Hispaniola huko Karibi, na ilikuwa ya namna hiyo.

Bi Mwana, Tudor
Shukran, mzee wangu. Nimeonja maji ya kisima cha jirani, chumvi tupu, nami ndiyo niliyokuwa nikimwagilia asubuhi na jioni kwa mapenzi. Vile vitatu nimevihamishia chini ya ngazi, karibu na mtungi, na makumbi nimeshayaloweka.

Wifi nimempigia kumwomba za tarumbeta. Kauliza, vile kumi na viwili vimefikia wapi? Nikamwambia simu inakatikakatika.