Chuma cha mshipani kwa wagonjwa wa figo: kifua kikibana, ni mzio au kasi ya dripu?

Nesi_wa_Figo
Habari za kazi wadau. Kitengoni tunatoa chuma cha sukrosi, miligramu 100 kila kikao cha dayalisisi (kusafisha damu kwa mashine) hadi zitimie 1000. Kuna wagonjwa ambao dripu ikishaingia dakika chache tu, uso unawaka, kifua na mgongo vinabana, kisha hali inapita. Presha haishuki. Tulivyozoea ni kung'oa dripu, kuchoma promethazini na kuandika kwenye faili "ana mzio wa chuma". Hapewi tena. Ni sahihi? Na mzio wa kweli tunautambuaje?

DktNefro
Dada, hayo unayoeleza kwa kawaida si mzio mkali. Chuma huru kikizidi ghafla kwenye damu, mgonjwa huhisi joto usoni, kubanwa kifua, maumivu ya mgongo au viungo. Hakuna mlio wa kifua, midomo haivimbi, presha haianguki. Funga dripu, pima presha, mapigo na oksijeni, kaa naye. Mara nyingi yanaisha yenyewe kwa dakika chache. Subiri angalau dakika 15 baada ya kutulia, kisha anza tena kwa nusu ya kasi au chini yake. Wengi humaliza dozi salama.

Promethazini hapo iacheni kabisa. Inalevya, inaweza kushusha presha na kupandisha mapigo, na sasa mgonjwa anaonekana kama ana mzio mkali kumbe ni dawa mliyompa. Kuitoa kabla ya dripu kama kinga nako hakufai, kwa sababu hiyo hiyo.

Mzio wa kweli ni huu: presha inaanguka, anakoroma au kupiga miluzi akivuta hewa, ulimi au uso unavimba, pengine na vipele mwili mzima au kutapika. Hapo ni adrenalini miligramu 0.5, yaani nusu ya ampuli ya 1 mg/ml, ndani ya msuli wa paja upande wa nje. Rudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Mlaze miguu juu, oksijeni, zimeni uvutaji wa maji kwenye mashine, salaini iingie kwa kasi. Hofu ya kumjaza maji isiwacheleweshe. Huyu ndiye anayestahili maandishi ya mzio kwenye faili. Yule wa kwanza mkimfungia chuma, anabaki na sindano za eritropoietini (homoni ya kuchochea utengenezaji wa damu) zisizofanya kazi na kuongezewa damu, na damu hiyo inamharibia nafasi ya kupandikizwa figo.

Mfamasia_Pwani
Naongezea upande wa dawa, kwa sababu nusu ya matatizo huanzia kwenye uchanganyaji. Ampuli ya mililita 5 ina miligramu 100. Iweke kwenye salaini ya 0.9% mililita 100, isizidi; usitumie deksitrosi. Wengine huweka kwenye chupa ya mililita 500 wakidhani ni salama zaidi, kumbe chini ya miligramu 1 kwa mililita mchanganyiko hautulii, na mgonjwa wa figo umemwongezea maji bure. Miligramu 100 zisiingie chini ya dakika 15, na 200 zisiingie chini ya 30. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita, mililita 100 kwa dakika 15 ni kama matone 133 kwa dakika, mililita hizo hizo kwa dakika 30 ni kama 67. Hesabuni kwa saa, msikadirie kwa jicho.

Dozi ya majaribio miligramu 25 ilihusu chuma cha dekstrani, aina nyingine ya chuma cha mshipani, na hata aliyeipita bado anaweza kupata mzio. Uangalizi wa dakika 30 baada ya kila dozi ndio wa maana.

Nesi_wa_Figo
Asanteni sana. Na muda gani wa kikao unafaa?

DktNefro
Katikati. Nusu saa ya kwanza mgonjwa anaweza kudhurika na chujio lenyewe, mkachanganya. Mwishoni kabisa anaondoka kabla hamjamwangalia. Na presha ikishuka bila dalili nyingine za mzio, tazameni kwanza mashine inavuta maji kiasi gani kwa saa.

Kabla ya yote, ulizeni homa na angalieni katheta. Mwenye maambukizi mwilini hapewi chuma hadi atibiwe. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, nayo hupanda kwa maambukizi, isomeni pamoja na asilimia ya transferini iliyobeba chuma (TSAT).

Mfamasia_Pwani
Maumivu ya misuli na homa ndogo vinaweza kuja siku moja au mbili baadaye. Parasetamoli inatosha, diklofenaki na ibuprofeni hapana. Kwa ambao hawajaanza dayalisisi, kanula iwe nyuma ya kiganja, mishipa ya mkono itunzwe kwa ajili ya fistula (mshipa unaoungwa kwa ateri ili utumike kwa dayalisisi). Kanula ipimeni kwa salaini kwanza: chuma kikivuja chini ya ngozi kinaunguza, na doa la kahawia hukaa miezi hata miaka. Mgonjwa akisema panachoma, fungeni hapo hapo.