Mjadala wa Julai 2020: Kanisa limefunguliwa, mtoto wa komunyo bado yuko nje. Nani amfundishe?

MWANZISHA MADA
Makanisa ya Kenya yalifungwa tarehe 22 Machi 2020 kwa sababu ya korona. Tarehe 6 Julai ikatangazwa yafunguliwe kwa awamu: waumini wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, na anayeingia awe na umri wa miaka 13 hadi 58. Shule za Jumapili na madrasa zilibaki zimefungwa.

Kwetu Wakatoliki hesabu hiyo imekata pabaya. Watoto wa komunyo ya kwanza, yaani wanaojiandaa kupokea Ekaristi mara ya kwanza, wengi wana miaka 9 hadi 12. Makatekista wazoefu, na mabibi ndio hasa wanaofundisha watoto sala, wengi wamevuka 58. Mwanafunzi yuko nje na mwalimu yuko nje.

Swali ni hili: mafundisho wakabidhiwe wazazi nyumbani, na mtoto apokee sakramenti akishapimwa na parokia? Au darasa lisimame mpaka watoto waruhusiwe kukusanyika? Atakayejibu aeleze na namna ya kufanya.

KATEKISTA WA KIGANGO
Lisimame. Hakuna sakramenti inayooza kwa kungoja.

Mtoto aliyefundishwa nyumbani tu anakuja na makosa yale yale. La kwanza, anaimba Nasadiki, ile sala ya imani, mwanzo hadi mwisho bila kukwama, lakini muulize padre amemshikia nini pale mbele, atasema "mkate wa Yesu". Ametaja mkate, ametaja Yesu, na bado hajajibu. La pili ni kitubio, yaani kuungama dhambi. Mama anamwandalia mtoto orodha ya dhambi: nilikataa kuosha vyombo, nilipigana na mdogo wangu, nilichukua sukari. Mtoto anaikariri kama shairi la shule. Hajatafuta dhambi moyoni mwake hata moja, na hatua ya kwanza kati ya zile tano ndiyo hiyo: kutafuta dhambi, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama, kutimiza malipizi. La tatu, mzazi humsaidia kujibu. Ukiuliza sakramenti ni ngapi, midomo ya mama inatangulia.

Halafu kuna jambo ambalo karatasi haiwezi kulibeba. Sehemu za Misa hufundishwa ndani ya Misa. Mtoto ajue lini anapiga magoti kwa sababu amepiga magoti.

MWALIMU WA DINI, SHULE YA MSINGI
Katekista, makosa uliyoyataja nayaona na kwa watoto waliokaa darasani kwako miaka miwili. Tusiwabebeshe wazazi peke yao.

Sheria ya Kanisa haijaanza na darasa. Kanuni ya 914 inasema ni wajibu wa wazazi kwanza, kisha paroko, kuhakikisha mtoto aliyefikia umri wa akili ameandaliwa, na baada ya kuungama apokee mapema iwezekanavyo. Papa Pius X, katika hati ya tarehe 8 Agosti 1910, aliweka umri huo karibu miaka 7, na kiwango alichodai kwa mtoto ni kidogo kuliko tunavyofikiri: ayajue mafumbo ya lazima kwa kadiri ya uwezo wake, na atofautishe mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Sisi ndio tulioongeza kitabu cha maswali na mtihani wa kuandika.

Namna ya kufanya ni hii. Siku 3 kwa wiki, dakika 20 tu, kwa sababu zikizidi hapo mtoto wa miaka 9 anaanza kuhesabu mabati. Jumanne sala moja: mzazi anasema sentensi, mtoto anairudia, kisha anaeleza kwa lugha ya nyumbani ina maana gani. Asiyeweza kuieleza hajaijua, hata kama ameikariri. Alhamisi swali moja la mafundisho. Jumamosi jioni Injili ya kesho yake: isomwe mara mbili, kitabu kifungwe, mtoto asimulie.

Na masomo ya Misa yenyewe yametusaidia. Jumapili tatu za Julai, tarehe 12, 19 na 26, zote ni Mathayo 13: mpanzi, magugu kwenye ngano, hazina na lulu. Mtoto wa shambani anafundishwa mpanzi na nani? Yeye ndiye atakayekueleza wewe. Tarehe 2 Agosti inakuja mikate 5 na samaki 2. Hapo mwambie mtoto ahesabu vitendo vya Yesu: alitwaa, akabariki, akamega, akawapa. Kisha fungua Mathayo 26:26, Karamu ya Mwisho, ahesabu tena. Vinne ni vile vile. Akiviona mwenyewe, somo la Ekaristi limeingia kuliko kurasa 10 za maswali na majibu.

KATEKISTA WA KIGANGO
Kanuni ya 914 umeisoma nusu, mwalimu. Mwisho wake unamtaka paroko awe macho ili asipokee mtoto ambaye hajafikia umri wa akili au ambaye yeye anamwona hajaandaliwa vya kutosha. Atamwonaje mtoto asiyeruhusiwa kuvuka mlango wa kanisa?

MWENYEKITI WA JUMUIYA
Ninyi wawili mnazungumza kama nyumba zote zina baba, mama, Biblia na meza.

Tuzihesabu. Kuna nyumba ambayo mama Mkatoliki ameolewa na mtu wa dhehebu jingine, naye baba hataki kusikia Salamu Maria ikifundishwa sebuleni. Kuna wazazi ambao ndoa yao haijabarikiwa, hawapokei komunyo, na wanaona haya kufundisha kitu ambacho mtoto atauliza, "Mbona wewe hupokei?" Wengi wao wanaacha kabisa ili swali lisije. Kuna mtoto anayelelewa na bibi asiyejua kusoma, ila sala zote anazo kichwani kuliko sisi. Na kuna mama anayetoka kazini akikimbizana na kafyu ya saa tatu usiku. Dakika 20 za mwalimu atazitoa wapi?

Kwa hiyo kabla ya kugawa karatasi yoyote, gaweni nyumba. Mwenyekiti anayo orodha ya nyumba za jumuiya yake, yaani majirani Wakatoliki wanaosali pamoja. Aweke alama tatu: nyumba inayoweza kufundisha yenyewe, nyumba inayohitaji simu mara moja kwa wiki, nyumba ambayo mtoto atahitaji mtu mwingine. Huyo mtu mwingine awe msimamizi wake wa ubatizo, kama yuko karibu. Wasimamizi tunawaona siku ya picha, halafu basi. Hii ndiyo kazi yao waliyoiapa.

Na jihadharini na werevu wa mjini. Kuwakusanya watoto 15 katika sebule ya mtu mmoja ni shule ya Jumapili iliyobadilishwa jina. Akiugua mmoja, jumuiya nzima itanyooshewa kidole.

ANAYESIMAMIA MAWASILIANO YA PAROKIA
Nitasema ya vyombo tu, maana hapo ndipo pesa inapotea.

Video msianze nazo. Video ya dakika 3 inakaribia MB 16, ambayo ni kikomo cha WhatsApp mwaka huu wa 2020. Sauti ya dakika hizo hizo kwa kawaida haifiki MB 1. Mzazi wa bando la siku atafungua sauti, video ataiacha. Simu ya pamoja ya picha kwenye WhatsApp mwaka huu wa 2020 inabeba watu 8, na Zoom ya bure inakatika dakika ya 40, kwa hiyo darasa la watoto 30 mtandaoni mlisahau. Ujumbe wa sauti uwe hivi: swali, kimya cha sekunde 5 ili mtoto ajibu, kisha jibu. Wengi wanasahau kimya, na mtoto anageuka kuwa msikilizaji wa redio.

Simu za kitochi ndizo nyingi vijijini, kwa hiyo SMS. Ujumbe mmoja ni herufi 160. Ukinakili kutoka kompyuta na zile alama za kunukuu zilizopinda, au ukitia kikatuni cha mikono inayosali, nafasi inashuka hadi herufi 70 na ujumbe mmoja unalipiwa kama mbili au tatu. Andikeni kwa herufi za kawaida.

Karatasi bado inashinda vyote. A4 moja ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4: sala, swali, Injili, na ukurasa wa mtoto kuchora. Parokia yenye watoto 60 kwa wiki 12 inahitaji karatasi 720, yaani chini ya rimu moja na nusu. Zipelekwe kwa wenyeviti za wiki 4 kwa mpigo. Msizitoe zote 12 siku moja, maana mzazi mwenye bidii atazimaliza kwa siku tatu, na asiye na bidii atafungia maandazi.

MPENZI WA HISTORIA YA KANISA
Tumewahi kuwa hapa. Mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika waliondoka Buganda mwaka 1882, wakarudi 1885 baada ya kifo cha Kabaka Mutesa. Miaka hiyo waumini walijifundisha wenyewe chini ya watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa, na mapadre waliporudi waliwakuta wameongezeka. Kule Japani dini ilipigwa marufuku 1614. Mapadre waliisha kabisa, lakini mwaka 1865 Wakristo waliojificha walijitokeza kwa padre Petitjean pale Nagasaki. Katika vijiji vyao walikuwa wamegawana kazi: mmoja anatunza kalenda, mmoja anabatiza, mmoja anapeleka habari nyumba kwa nyumba. Miezi minne yetu ni nini?

KATEKISTA WA KIGANGO
Mfano mzuri, ila umalize. Hao wa Japani sala zao za Kilatini na Kireno zilipindika mpaka wanaozisali hawakujua tena maneno yale yana maana gani. Hiyo ndiyo hofu yangu. Na wa Buganda waliachwa na viongozi waliokwisha kufundishwa. Wazazi wetu wengi mafundisho yao yaliishia siku ya kipaimara.

MLEZI WA WAKATEKUMENI
Msiwasahau watu wazima. Tarehe 22 Machi ilikuwa Jumapili ya 4 ya Kwaresima, katikati ya zile ibada 3 za kuwachunguza na kuwaombea wanaojiandaa kwa ubatizo. Agizo la Vatikano la tarehe 25 Machi likasema katika mkesha wa Pasaka, sehemu ya ubatizo ibaki kurudia ahadi za ubatizo tu. Hao watu hadi leo wanasubiri, na wengi wao umri unawaruhusu kuingia kanisani. Rudini kwenye majina yaliyoandikishwa Kwaresima mumpigie simu kila mmoja. Waliokaa miezi minne bila kuulizwa hali, baadhi yao wameshaanza kusali kwingine.

MWALIMU WA DINI
Katekista, hofu yako naikubali kwa jambo moja: kupima. Basi tuachane na mtihani wa kuandika. Upimaji ufanyike mlangoni kwa mtoto, nje, barakoa usoni, umbali wa mita moja na nusu, mzazi akae ndani asionekane. Maswali 5 yatosha. Huyu ni nani padre anapoinua? Kwa nini hatuli saa moja kabla? Nieleze kwa maneno yako "utusamehe kama sisi tunavyosamehe". Ukikosea baada ya kuungama, unafanya nini? Utajibu nini padre akisema "Mwili wa Kristo"? La mwisho wanalijua wote, linawapa moyo.

KATEKISTA WA KIGANGO
Mara moja haitoshi. Mara 3: wiki ya 4, ya 8 na ya 12, na kila mara niandike daftarini alichokwama, asiwe ananikariri mimi. Kwa watoto 60 hiyo ni ziara 180. Nikienda nyumba 5 kwa siku, siku 3 kwa wiki, ni wiki 12 kamili bila kuugua. Naweza, ila niwe na mwenzangu kijana, kwa sababu umri wangu ndio huo uliotajwa juu.

Na ungamo lisiingizwe kwenye simu. Padre awaungamishe uwanjani, mmoja mmoja, wengine wakae mbali wasisikie. Komunyo yenyewe ingoje umri uruhusiwe.

MWENYEKITI WA JUMUIYA
Hapo tena tumerudi pale pale tulipoanza. Utamfundisha wiki 12, umpime mara 3, aungame, kisha umwambie angoje bila tarehe? Mtoto atakuwa ameyasahau. Kama ameiva, padre ampelekee nyumbani, pamoja na wazazi wake, kama anavyowapelekea wagonjwa.

KATEKISTA WA KIGANGO
Wagonjwa hawana njia nyingine. Mtoto huyu ana miguu. Komunyo ya kwanza ni ya kanisa zima kumwona amefika mezani.

MWENYEKITI WA JUMUIYA
Kanisa lenyewe ni watu 100 wenye barakoa, na bibi yake hayumo. Mimi nitampelekea paroko majina ya walioiva, aamue yeye. Nyumba ya kwanza kwenye orodha yangu ni ile ya baba asiyetaka Salamu Maria. Mtoto wake amejifunza kwa msimamizi wake na anazijua sala zote. Huyo utampima mlango upi, katekista?

KATEKISTA WA KIGANGO
Wa msimamizi. Lakini baba apigiwe simu kwanza na ajue. Akikataa, hatumfichi mtoto.