WALIKATA SPRINGI ZA 110 YANGU BILA KUNIULIZA, SASA WANANIAMBIA ATI GARI NI YA KITAMBO

Wasee nimekaa na hii hasira tangu Jumapili na sitalala nayo tena. Kuna gereji moja huko Industrial Area Nairobi, jina naliacha, wenyewe wakisoma watajijua, wameniharibia kazi ya 55,500, vipuri na leba, na wakanirudishia gari ambayo nusura inimalize mimi na mamangu.

Gari ni Toyota Corolla 110 ya 1998. Ilikuwa ya babangu, alinipatia alipostaafu, na ile injini ya 5A bado iko sawa kabisa, haili oili, asubuhi inashika mara moja. Shida yake ilikuwa chini. Ukiingia kona inalala upande kama mashua, ukikanyaga breki inainamisha pua, ukipita tuta inadunda mara tatu nne kabla itulie. Sikutaka gari ya mbio, na gari ya kushushwa ikae chini ndio sikutaka kabisa, nilitaka tu ishike barabara juu kila wikendi mbili naenda Narok kuona mama, na mtu yeyote amewahi kushuka kutoka Rironi mpaka Mai Mahiu anajua hiyo si barabara ya kuenda na gari inayoyumba, malori mbele, malori nyuma, na kushoto ni bonde.

Sasa mi sikukurupuka. Nilisoma miezi, nikauliza watu, nikaweka pesa pole pole. Shoki mpya nne za KYB, shoki ndio hutuliza gari isidundedunde, zile za urefu wa kawaida za 110, 28,000. Bushi, zile raba za kwa viungo, za loa amu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini, na bol jointi zake 9,500. Stabilaiza ba ya nyuma, ile chuma inazuia gari isilale kwa kona, eks-Japan, nikaitafuta Kirinyaga Road mpaka nikaipata, 6,000, na nilienda na venia ya kupima unene, ile yangu ni milimita 14 na hii ni 16. Watu wanaona ni milimita mbili tu, lakini ugumu wa hiyo chuma unafuata unene kwa unene kwa unene kwa unene, yaani nguvu ya nne, hizo mbili zinaipatia karibu asilimia 70 zaidi. Leba 12,000 na tulielewana alaimenti, ile ya kunyoosha magurudumu, iko ndani ya hiyo hiyo 12,000.

Na springi? Springi za original zilikuwa nzima, hazijavunjika, hazijachoka, nikaandika kwa WhatsApp na meseji iko mpaka sai: "springi zisiguswe, zirudi venye ziko". Jamaa akajibu na dole gumba.

Nilipeleka Alhamisi, nikachukua Jumamosi jioni kukiwa giza. Nilipoiona nikashangaa mbona imekaa chini hivi, nikaambiwa "bosi hizo ni bushi mpya, bado zinakaa, itapanda". Nikaamini. Hapo ndio najuta, juu bushi haziwezi kuinua gari wala kuishusha hivyo, hilo nalijua, lakini nilikuwa nimechoka na nilitaka kuenda nyumbani.

Wiki mbili mjini niliona imekuwa ngumu ngumu, nikasema ni shoki mpya. Inavuta kushoto kidogo. Jumapili nikambeba mama, nilikuwa nimemleta kliniki, tukaanza kurudi Narok. Tukishuka kule karibu na lile kanisa dogo la Waitaliano wa wakati wa vita kuna kona ina kiraka cha lami kimeinuka katikati. Sikuwa na spidi, nilikuwa hamsini hivi. Nyuma ikapiga chini gwaa, chuma kwa chuma, na badala ya gari kumeza lile tuta ikaruka, matako yote yakasogea upande wa pili ambapo lori la simiti lilikuwa linapanda. Yule dereva alilala kwa honi. Nilirudisha usukani sijui hata kwa akili gani. Mama hakupiga kelele, alishika tu mkono wangu juu ya gia, na akaushika hivyo hivyo mpaka Mai Mahiu. Nikifikiria ule mkono wake ndio hii hasira inanipanda upya.

Jumanne nikapeleka kwa mzee mmoja fundi Dagoretti Corner, wa kitambo, haongei sana. Akapiga jeki, gurudumu la nyuma likaning'inia, akaingiza mkono akashika springi akaizungusha. Ikazunguka. Kama bangili kwa mkono! Springi ambayo inafaa kubanwa juu na chini hata gurudumu likining'inia hewani. Akaniambia, "Kijana wangu, kuja uone." Ncha ya chini imekatwa, na haijakatwa hata na grainda, imekatwa na gesi, ule mwisho umekuwa bluu na una machozi ya chuma yameganda. Raundi nzima imeenda. Zote nne.

Kwa wale hawajui hii maana yake ni nini. Springi ya raundi tano zinazofanya kazi ukitoa moja haipungui tu urefu, inakuwa ngumu kwa robo nzima, na wakati huo huo umeipunguzia nafasi ya kushuka, kwa hivyo tuta kidogo tu shoki inafika mwisho inagonga bampu stopa, ile raba ya kuizuia mwisho. Shoki nayo ilitengenezwa kwa springi ya original, haiwezi kuituliza hiyo nyingine. Na moto wa gesi unaua ule ukali wa chuma, springi inaweza katikia pale pale siku yoyote. Ndio maana gari iliruka. Si mimi, si barabara.

Na haikuishia hapo. Mzee akafuta vumbi kwa shoki ya mbele kulia, chini ya vumbi ni oili. Shoki ya wiki mbili! Akateremsha ile kava ya raba, kwa ile fimbo inayong'aa kuna alama za meno ya vaisgripu, ile plaisi ya kujifunga, mistari sita saba, unaisikia na ukucha. Mtu alishindwa kuzuia fimbo isizunguke akikaza nati ya juu, badala ya kushika pale juu kwenye pametengenezewa spana akaibana na vaisgripu katikati, na sasa kila gari ikipanda na kushuka hiyo mikwaruzo inapita kwa sili inaikata. Fimbo ya shoki haiguswi na chuma, hata mimi si fundi najua.

Bushi za loa amu nazo zilikazwa gurudumu likiwa linaning'inia. Zinafaa kukazwa gari ikiwa imesimama na uzito wake, la sivyo ukishusha raba inajikunja na inakaa imekunjwa hivyo saa zote. Zimeshaanza kupasuka. Matairi ya mbele ndani yameanza kulika, weka kidole unasikia yamekuwa kama msasa. Alaimenti haikuwahi fanywa.

Nikarudi kwao jana. Mwenye gereji hata hakuinama kuangalia. Kwanza ati 110 ni gari ya kitambo, bodi imechoka. Halafu ati wateja wote wa 110 wanataka ikae chini ndio ionekane poa, kijana wake alidhani ananifanyia favua. Halafu akaniambia nilipe 2,500 ya alaimenti ndio hiyo kuvuta iishe. Nikamwonyesha meseji. Akaniambia dole gumba si makubaliano.

Gari yangu haijachoka. Imetunzwa miaka yote hiyo na babangu, kitabu cha sevisi kiko, na wao ndio waliichomea springi ambazo zimeibeba tangu itoke Japani.

Nataka vitu viwili kwao, pesa ya leba yote na bei ya zile shoki mbili za mbele na springi. Jumamosi narudi na mzee, na picha, na risiti ya kila kitu. Kama kuna mtu hapa amewahi fuatilia kesi kama hii Small Claims Court, ile korti ya madai madogo, hebu aniambie alienda na karatasi gani, juu hii pesa ni yao kulipa na siiachi.

Na mwenye springi nne za 110 za original, hata kama zina kutu, bora hazijawahi kuonja moto, aniandikie. Nitazifuata hata kama ni Rongai ama Thika. Mama anarudi kliniki mwisho wa mwezi na sitampandisha kwa hii gari venye iko.