Kompyuta zetu za biti 32 zipo na zinapiga kazi. Hazionekani kwenye takwimu zenu kwa sababu hazina bando!

Wakuu, mbukwenyi.

Kuna hoja imenichosha na leo naitapika hapa. Kila mradi wa programu huria ukitaka kuacha kutoa matoleo ya Windows 7 au ya mashine za biti 32 (zenye prosesa au mfumo wa zamani usioendesha programu mpya za biti 64), sababu inayotangulia ni ileile: watumiaji wamebaki wachache mno. Wachache kwa hesabu ya nani?

Mimi ni fundi kompyuta hapa Dodoma mjini, ila kazi nyingi zinanipeleka nje: Bahi, Chamwino, Mvumi, hadi Kibaigwa kwa wenye maghala ya mahindi. Ingia chumba cha kompyuta cha sekondari ya kata. Deskitopu zimepangwa ukutani, zimefunikwa vitenge kwa ajili ya vumbi, nyingi ni za msaada au mtumba, ndani kuna Windows 7 au Linux ya zamani. Intaneti hakuna. Mwalimu akihitaji programu anaishusha kwa simu yake, kwa bando lake, anaiweka kwenye flashi, flashi inazunguka mashine zote, kisha inaazimwa shule ya jirani. Kule ilikotoka, seva imeona upakuaji mmoja tu, tena wa simu ya Android. Zile deskitopu hazijawahi kupiga hodi kwa seva yoyote duniani. Halafu mtu yuko Berlin au California anafungua jedwali lake, anaangalia asilimia, anasema hawa hawapo.

Debian, watengenezaji wa mfumo wa Linux ambao nawaheshimu sana, wana kifurushi cha kuhesabu programu zinazotumika, kinaitwa popularity-contest. Unaposakinisha unaulizwa kama utashiriki, na jibu lililowekwa tayari ni hapana. Sawa, wamejali faragha ya mtu. Lakini hata ukikubali, ripoti inasafiri kwa mtandao. Mashine isiyo na mtandao itaripoti kwa njiwa?

Sasa kilichonipandisha presha. Mwalimu mmoja wa Bahi ameshusha toleo jipya la programu huria ya kufundishia hesabu (jina naliacha), zaidi ya MB 300. Ukurasa wao una kitufe kimoja kikubwa cha kupakua na hakuna panapoeleza kinataka Windows gani. Kafika shuleni, kachomeka flashi, kabofya. Windows ikamjibu kwamba toleo la faili haliendani na mfumo uliomo, aangalie kama anahitaji x86 (yaani biti 32) au x64 (biti 64). Huyu ni mwalimu wa Kiswahili aliyebebeshwa somo la kompyuta kwa sababu ndiye kijana pale shuleni. x86 ataijulia wapi? Akaamini faili limeharibika njiani, akanunua bando lingine, akalishusha upya. Jibu lilelile. Alivyonipigia simu nikaingia kutafuta matoleo ya nyuma: yameondolewa yote. Kwenye sehemu yao ya maswali kuna mtu kauliza jambo hilohilo, kajibiwa anunue mashine mpya. Basi, mjadala umefungwa.

Na kabla hamjanirukia: sisemi watu wanaojitolea wabebe kila takataka milele. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliing'oa 386 kwenye Linux mwaka 2012, prosesa ya tangu 1985, na hakuna shule ya Dodoma iliyolia. Mwaka 2014, lile tundu la Heartbleed lilipofichuka kwenye OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandao, jamaa wa mfumo huria wa OpenBSD waliuchukua msimbo wakaanza kuufagia, ndipo ikazaliwa LibreSSL. Walikuta umebeba mambo ya mifumo ya zamani kama VMS, OS/2, mpaka Windows za biti 16. Wiki ya kwanza waliondoa zaidi ya mistari 90,000 ya C, na sehemu yake ilikuwa ya kubembeleza mifumo hiyo. Walifanya vizuri. Msimbo ambao hakuna anayeujaribu ndimo matundu yanamojificha.

Ninachodai ni adabu ya kuondoka, na inawezekana, maana wapo wanaoijua. Microsoft waliiacha Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, wakaendelea nayo, wakatoa Firefox 115 ESR (toleo linalotunzwa kwa muda mrefu) mwaka 2023 kuwa ya mwisho kwa Windows 7 na 8, halafu tarehe ya kuizika wakaisogeza mbele zaidi ya mara moja. Firefox ya Linux ya biti 32 imeishia toleo la 144, lakini walitangaza mapema na ESR 140 iliahidiwa matunzo hadi angalau Septemba 2026. Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, ila Debian 12 ina matunzo ya muda mrefu hadi Juni 2028. Programu ya ofisi ya LibreOffice 25.8 imeachana na Windows 7, lakini hazina yao ya matoleo ya zamani iko wazi, unachukua unalotaka. Hapo fundi unajipanga. Unajua gari linaishia kituo gani kabla hujapanda.

Sasa hao wengine kuandika mstari mmoja pembeni ya kitufe, "Windows 10 kwenda juu, toleo la mwisho la Windows 7 hili hapa", kunagharimu nini? Na kuiambia apdeti ijiangalie kwanza kabla haijala bando la mtu?

"Msimbo uko wazi, tengeneza mwenyewe." Hili nalo! Kuijenga Firefox kwenye Linux wenyewe wanashauri ramu ya GB 8 au zaidi na diski yenye nafasi ya GB 30. Mashine ninazozizungumzia zina ramu ya GB 1 au 2. Anayekupa jibu hilo hataki kukusaidia, anataka unyamaze.

Hoja ya usalama naikubali nusu. Mashine ya steshenari ambayo watu wanaingizia nywila zao za barua pepe na maombi ya kazi, ikiwa bado Windows 7, mwenye nayo sina cha kumtetea. Abadilishe. Ila deskitopu isiyogusa mtandao ya kufundishia Form One kuandika barua, adui yake ni flashi na umeme unaokatika.

Mafundi wenzangu na nyie mnatuangusha. Core 2 Duo ni prosesa ya biti 64, ila unakuta mtu kapiga Windows ya biti 32 kwa mazoea, shule inahesabika haina uwezo wakati uwezo upo. Fungua sifa za mashine, soma, ndipo upige. Zisizo na ujanja ni zile laptopu ndogo za Atom N270 na Pentium 4 za mwanzo. Hizo wapeni antiX 23, Linux nyepesi yenye toleo la biti 32.

Na mjiandae. Windows 10 imefungiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Maofisi yatamwaga mashine nzima kabisa, zitatufikia kwa mtumba, na wimbo wa "nunua mpya" utaanza upya.

Kwa hiyo mwenye chumba cha kompyuta Dodoma, Singida au popote, shusha hapa chini: wilaya, prosesa, ramu, mfumo, idadi ya mashine, mtandao upo au haupo. Jina la shule acha. Nitakusanya na kuwapelekea wenye miradi kwenye kurasa zao za kuripoti hitilafu, kwa Kiingereza chao. Naanza:

Bahi. Atom N270, ramu GB 1, antiX, mashine 11, mtandao hakuna.
Chamwino. Core 2 Duo, ramu GB 2, Windows 7 biti 32 (naibadilisha likizo hii), mashine 18, mtandao hakuna.