Naomba ushauri kuhusu Samsung Galaxy A05
Ndugu wanajukwaa, ninakusudia kumnunulia dada yangu, mwenye duka la vitenge na uwakala wa M-Pesa, simu ya Samsung Galaxy A05 iliyotoka mwaka 2023. Betri ya mAh 5,000 inanivutia, na kioo cha inchi 6.7 kinatosha, ingawa ni cha pikseli 720 kwa 1,600 tu. Kinachonitia shaka ni RAM ya GB 4 na kukosekana kwa kisoma alama za vidole, jambo ambalo kwa mtu anayeshika fedha za watu si dogo. Mlioitumia kwa zaidi ya mwaka, je, huwa nzito programu zikiongezeka, betri bado hufika jioni, na kamera hutoa rangi halisi za vitenge dukani penye mwanga hafifu?